Konzi Mbili za Nyongeza

Asenath alikuwa amechoka kabla sijamjua, na nilimjua miaka mingi. Tulikuwa wapangaji wa ploti moja hapa Umoja, mlango wake umeelekea mlango wangu na bomba la maji katikati. Ukiwa na jirani wa namna hiyo utayajua maisha yake hata usipotaka. Nilijua ameamka nikisikia jiko likikwanguliwa majivu. Nilijua amerudi nikisikia viatu vikivuliwa mlangoni, kimoja, halafu kimya kirefu, halafu cha pili. Kile kimya cha katikati ndicho kilichokuwa kikinitia huruma.

Mimi naitwa Triza. Nauza nguo za watoto Gikomba, na pale ploti huniita Mama Whitney. Nasema haya mapema ili mtu asidhani mimi ni msomi. Asenath ndiye aliyekuwa na elimu kidogo, elimu ya kupiga taipu. Kutwa nzima alikaa katika ofisi moja kule Indastria akipiga barua za watu wengine, barua ndefu zenye "kwa kuzingatia yaliyotajwa hapo juu", na jioni aliniambia kwamba hata aliyeziandika hajui zinasema nini. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kidogo kwenye ncha, na ukimsalimu ulihisi mkono uliokwisha kutumika siku hiyo.

Mumewe, Shiundu, alikuwa mtu wa reli. Alipofariki alimwachia watoto watatu, mama yake mzazi, na kinu. Kinu hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa cha chama chetu, Tujikaze, watu wa Umoja na Kariobangi, wengi wetu tumetoka magharibi, wengine wa viwandani, wengine wa sokoni kama mimi. Lakini Shiundu ndiye aliyetuzungukia nyumba kwa nyumba akituambia tuache kununua unga wa dukani kwa bei ya mwenye duka, tununue mahindi wenyewe, tusage wenyewe, tujiuzie wenyewe. Tulimcheka mwaka mzima, kisha tukachanga. Kinu kikawekwa Kariobangi, kwenye chumba cha mabati nyuma ya mafundi wa masufuria, na Shiundu akamwandikisha mama yake kuwa mwanachama badala yake mwenyewe, kwa heshima. Asenath, kwa kuwa alijua taipu, alifanywa katibu. Ukatibu wa chama ni kama mtoto wa kulea. Kila mtu atakusifu na hakuna atakayekusaidia.

Sasa niwaeleze habari ya nyongeza, maana ndiyo iliyoleta yote haya. Unga tulipimiwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili unaojulikana na kila mwanamke wa Eastlands. Msagaji wetu, Kweyu, akishajaza gorogoro yako na kuimimina kwenye mfuko, alitia mkono guniani akakuongezea konzi mbili. Hiyo ni desturi ya kwetu. Mtu asiyekuongezea hakutaki. Hata sokoni nyumbani, mama wa maharagwe akikupimia bila nyongeza utajiuliza umemkosea nini. Basi kinu kikiwa chetu wenyewe, tungekosaje kujiongezea?

Nyumbani kwa Asenath zile konzi hazikuingia kwenye ugali. Alizitenga katika mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha mafuta, akauita unga wa Kukhu. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu, na huyo alikuwa Kukhu Nasambu, mamake Shiundu, mwanamke mrefu asiye na meno, mwenye kiburi cha kutosha watu watatu. Hakuweza kutafuna. Asubuhi alikunywa uji, mchana akaonja mboga, na uji huo ndio uliomshikilia. Kwa kuwa hakutaka kuwa mzigo wa mtu, Asenath alimwambia unga ule ananunuliwa yeye, mbali na wa watoto, na kwamba ofisini wamemwongezea kidogo. Ofisini hawakuwa wamemwongezea kitu. Ulikuwa unga wa nyongeza, konzi mbili kwa kila gorogoro aliyonunua, na gorogoro zenyewe zilitosha ugali wa watoto basi. Nililijua hilo mimi, Kweyu, na mwenyekiti wetu. Kukhu hakulijua.

Mwaka ule bei ya unga ilikuwa ikipanda kama mtu anayekimbizwa. Nasi kwenye kinu tukaanza kuona mahindi yakipungua. Magunia yalikuwa yakifika dari, yakafika kifua, yakafika kiuno. Watu wakaanza kumwangalia Kweyu kwa jicho la pembeni. Kijana wa watu alisaga kutwa, kope zimejaa unga, na bado watu walihesabu mifuko yake akitoka.

Mwenyekiti, Mzee Phares, aliyestaafu kazi ya uhasibu, alikaa na hesabu akaipata sawasawa. Sitamdharau, hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Shida ilikuwa kinywani. Jumapili baada ya kanisa tulikutana katika darasa tuliloazimwa, akasimama, akavaa miwani, akasoma: "Wapendwa wanachama, katika kipindi kinachoangaziwa kinu kimepata faida hasi ya asilimia tano."

Tukapiga makofi.

Nasema kweli, tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu. Tulisikia faida, tukasikia asilimia tano. Katikati palikuwa na kineno kidogo ambacho hakuna aliyekijali. Kisha Mzee Andati, ambaye hawezi kukaa kimya hata kwenye matanga, akainua mkono.

"Mwenyekiti, hiyo hasi ndiyo nini?"

"Hasi ni hasi, Mzee Andati. Kinyume cha chanya."

"Mimi najua kuhasi," akasema Andati. "Nimehasi mafahali tangu niwe kijana. Sasa nauliza, faida yetu imehasiwa na nani?"

Darasa likavunjika mbavu. Phares alijaribu kueleza, lakini nani angemsikia? Andati alikuwa amepata uwanja.

"Wacheni kucheka, ni swali. Ng'ombe akihasiwa hazai, lakini hunenepa. Sasa hii faida yetu itanenepa?"

Mama mmoja wa Kariobangi akasema kama faida inanenepa basi konzi za nyongeza ziwe tatu. Wengine wakaitikia, "Ndiyo! Tatu!" Nilimwona Phares akipauka. Akafumba macho akasema tuombe, akaomba haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akiomba, na mkutano ukaisha kabla hatujapiga kura ya kujimaliza.

Kesho yake jioni alikuja pale ploti. Asenath alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mimi nilikuwa bombani nafua, na sikuondoka, maana maji ya bomba hayangoji mtu.

"Mama Seth," Phares akamwambia Asenath, "nimeshindwa. Mimi najua kuihesabu, sijui kuisema. Wewe andika notisi. Watu waisome mlangoni kwa kinu kabla ya mkutano ujao."

"Niandike nini?"

"Kwamba nyongeza ndiyo inatumaliza."

Asenath aliacha kusugua miguu. Phares akaangalia chini, kisha akaangalia mlango wa chumba, ambako Kukhu alikuwa akiimba wimbo wa kanisa polepole, maneno yakitoka laini bila meno.

"Sitakuomba uongo," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini hilo neno hasi halijamuumiza mtu. Tukiliacha vile nililiandika, wataendelea kucheka, na uji wa mama utaendelea kuwapo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka belti ya kinu ikatike. Hatuna ya kununua nyingine."

"Ikikatika?"

"Tutauza chuma chakavu."

Asenath akasema amesikia. Phares akaaga. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, lakini hakutoa miguu. Akaniambia, "Mama Whitney, kutwa nzima nimepiga barua ambazo hakuna atakayezielewa, na wananilipa. Hii moja nikiiandika ieleweke, nitalipia mimi." Nilikasirika. Nilimwambia aiandike vibaya basi, kwani nani atamshtaki? Akasema kinu kile Shiundu alikibeba kwa miguu yake, na kikifa watoto watarudi kwenye unga wa dukani, na Kukhu naye atakosa uji vilevile, na ugali utakosekana pia. Nikazidi kukasirika.

Aliandika wiki nzima. Alipiga taipu ofisini wengine wakila chakula cha mchana, akaniletea jioni nisome nikiwa na sabuni mikononi. Ya kwanza ilianza "Kwa kuzingatia hali ya uchumi". Nikamwambia sijaelewa na sitaki kuelewa. Ya pili ilitaja asilimia mahali saba tofauti. Nikamuuliza asilimia inauzwa wapi Gikomba, nikanunue moja nione. Hakucheka. Alikuwa amechoka hata kwa kuchekeshwa. Ya tatu ilikuwa na shilingi, na hapo tukagombana, maana bei niliyoijua mimi ilikuwa ya wiki iliyopita na yake ilikuwa ya jana. Pesa ya mwaka ule ilikuwa haishikiki.

Jumamosi aliweka sinia sakafuni, akamimina gorogoro moja ya unga, akaanza kuutenga konzi baada ya konzi.

"Konzi ya nani hiyo?" nikamuuliza. "Mkono wako ni wa taipu. Wa Kweyu ni koleo."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akaurudisha unga mfukoni, akavaa viatu, na jinsi alivyokuwa amechoka akaenda hadi Kariobangi, akamfanya Kweyu atenge gorogoro nzima mbele yake kwa mkono wake mwenyewe. Zikawa konzi ishirini. Alirudi na vumbi hadi magotini, akakaa akaandika, na hii hapa ndiyo notisi. Naikumbuka yote, na si mimi tu.

*Kwa wanachama wote wa Tujikaze. Gorogoro moja ya unga ni konzi ishirini za mkono wa Kweyu. Ukiilipia, konzi kumi na nne zinanunua mahindi na kulipa mkokoteni. Konzi tatu zinalipa stima. Konzi mbili zinalipa nyumba ya kinu na Kweyu mwenyewe. Inabaki konzi moja. Hiyo ni ya kununua belti ikikatika. Lakini kila gorogoro tunajiongezea konzi mbili. Moja ni ile ya belti. Ya pili haipo. Tunaikopa kwenye mahindi ya kesho. Ndiyo maana magunia yanapungua. Hakuna mwizi. Ni sisi.*

Nilisoma hadi mwisho. Nilikuwa nimeelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikimwambia Kweyu, "Ongeza bwana, mkono wako umekauka?" Nikamwambia Asenath kwamba sasa ameandika. Akasema, "Haya," akaikunja.

Ilibandikwa mlangoni kwa kinu. Kufikia Jumatano ilikuwa na alama za vidole vya unga chini ya kila mstari. Watu waliosoma waliwasomea wasiosoma. Mafundi wa masufuria, ambao hata si wanachama, waliacha nyundo wakaja kusikiliza. Na kitu kimoja kilibadilika papo hapo: watu waliacha kumwangalia Kweyu kwa jicho la pembeni. Kijana alianza kuimba tena akisaga.

Jumapili darasa lilijaa. Kukhu Nasambu naye alikuja, kwa kuwa mwanachama ni yeye. Alivaa kitambaa cheupe cha kanisa, akakaa mbele, Asenath kando yake. Phares hakusoma hesabu yake. Alimwomba Asenath asome notisi, naye akasimama akaisoma kwa sauti ile ya jioni, taratibu, bila mbwembwe. Akafika "ni sisi", akakaa.

Mzee Andati aliinua mkono. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha.

"Leo sina mchezo," akasema. "Kumbe tulikuwa tunachinja ndama tukisema tunakamua."

Lakini watu hawakuwa tayari kupiga kura. Kuelewa ni jambo moja, kuacha nyongeza ni jingine. Kila mtu alingoja mwenzake aanze, macho yote sakafuni, maana nani atakuwa wa kwanza kusema tusiongezwe? Ni aibu. Hapo ndipo Kukhu aliposhika bega la Asenath akasimama.

"Mimi si msomi," akasema. "Siku ile mwenyekiti aliposoma sikusikia kitu, nililala. Leo nimesikia kila neno. Mkwe wangu ameandika hata mimi nimeona zile konzi kwa macho. Hiki kinu ni cha mwanangu. Sitaki mtu akile." Akageuka akatutazama wote, polepole, kama anayetafuta uso wa mtu fulani. "Huyo anayekula konzi ambazo hazipo, leo aache."

Akainua mkono wake mrefu juu kabisa.

Baada ya hapo mikono iliinuka kama mahindi baada ya mvua. Mimi pia niliinua. Nilimtazama Asenath. Alikuwa ameinua wake, uso hauna kitu, na kwa mkono wa pili alikuwa amemshika Kukhu kiunoni asije akaanguka.

Jumatatu jioni tulikwenda kinuni pamoja. Kweyu alijaza gorogoro, kisha akachukua kijiti bapa alichochongewa na fundi, akakipitisha juu ya mkebe, unga ukawa sawa na mdomo wa mkebe kama maji. Akaumimina kwenye mfuko wa Asenath. Mkono wake wa kulia ulianza kwenda guniani wenyewe, kwa mazoea, ukasimama njiani.

"Mama Seth, pole," akasema. "Wewe ningekuongezea. Wallahi ningekuongezea. Lakini kila mtu akiniomba namsomea ile karatasi, na wote wanaona wewe ndio uliandika. Nikikupatia wewe, nitasomea nani tena?"

"Ni sawa, Kweyu."

"Konzi ya pili haipo," akasema kijana, akijaribu kutabasamu. Alikuwa ameishika kichwani yote.

"Najua," akasema Asenath. "Nilihesabu."

Mkebe wa Kukhu ulidumu siku chache. Asenath alijaribu kuchota kwenye unga wa ugali, na kila alipochota sima ya watoto ilipungua ukubwa, na mkubwa, Seth, alikuwa amefika umri wa kula na kutazama sufuria. Akajaribu kupunguza sahani yake mwenyewe, akaanza kusinzia juu ya taipu. Uji ukawa mwepesi, ukawa mwepesi zaidi. Asubuhi moja niliamka nikasikia Kukhu akizungumza pale bombani.

"Asenath. Huu uji umekuwa maji."

"Unga umepanda bei, mama."

"Bei hupanda kila siku, na uji wangu haukuwa maji." Nilisikia mkebe ukigongwa kwa ukucha, mtupu. "Wewe unaleta gorogoro. Gorogoro ina konzi ishirini, wewe mwenyewe ulisoma. Mwanzo zilikuja na mbili." Mwanamke yule hakuwa amekwenda shule siku moja maishani mwake, lakini notisi ilikuwa imeandikwa ili mtu yeyote aweze kuifuata hadi mwisho, na sasa alikuwa akiifuata. "Zile mbili ulikuwa ukiweka wapi?"

Asenath akafungua bomba, akalifunga.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo, mama."

Nilidhani atakasirika. Nilitamani akasirike. Yeye alicheka kidogo tu, kicheko cha ufizi. "Kumbe nilikuwa nikimtafuta mtu, na ni mimi," akasema. Kisha akamsukumia Asenath kikombe. "Wape watoto. Wao wanakwenda shule. Mimi naenda wapi?"

Tangu asubuhi hiyo alikunywa chai ya rangi, na hakuna aliyeweza kumbembeleza. Kinu kilisimama imara. Mwezi wa nane belti ilikatika, nyingine ikanunuliwa siku ileile, na Phares akaja pale ploti kumshukuru katibu, akasema hajawahi kuona watu wakielewa hesabu namna ile. Asenath alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa. Alipoondoka, Asenath alirudi bombani, ambako nilikuwa nafua, akashika ncha ya shuka langu tukalikamua pamoja, yeye huku na mimi kule.

"Ningeliandika vibaya, Mama Whitney," akasema, "Kukhu angelala mkutanoni kama siku ile."

Maji yalikuwa yamekatika. Tulianika shuka likiwa bado na sabuni.